Wawili Mbele ya Kyalo

Siku tatu baada ya kaka yangu Kyalo kuanguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo alilokuwa akijenga Syokimau, nilitumwa mjini Machakos kuchukua kibali cha kuzika. Kijana wa ofisi alikuwa mpole. Aliandika jina la kaka yangu kwa vidole viwili, akabonyeza, akangoja. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta ili nione kwamba si yeye anayenichelewesha. Palikuwa na kiduara kinachozunguka, na chini yake maandishi kwamba ombi liko kwenye foleni. Jina la Kyalo lilikuwa juu ya kile kiduara. Kompyuta ilikuwa ya zamani, na nyuma yake ilitoka harufu ya vumbi linaloungua polepole juu ya plastiki. Nilitoka nje nikashika ukuta. Kijana alidhani nalia kwa sababu ya msiba. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Harufu ile niliizoea nikiwa na miaka saba. Nilikuwa darasa la pili. Tulikaa Mumbuni, Baba, Mama, Kyalo na mimi. Kila Jumamosi Mama alishinda sokoni akiuza mboga, Baba alishinda kichinjioni, na Kyalo, aliyekuwa kidato cha pili, aliachiwa kazi ya kunitunza. Alinitunza kwenye saiba, kule kwa kompyuta za kulipia.

Lazima nieleze kwanza kazi ya Baba, kwa sababu bila hiyo sitaeleweka. Baba hakuwa mshika kisu. Yeye alipanga mbuzi. Pale kichinjioni palikuwa na kichochoro cha mabomba ya chuma, upana wa mbuzi mmoja, kilichoanzia zizini na kuishia kwenye mlango wa bati. Kila mbuzi alipakwa namba ubavuni kwa rangi nyekundu ili mwenye bucha amjue wake. Baba aliwasukuma kwa goti, na kila mmoja alipovuka mlango wa bati alipaza sauti kutaja waliobaki, ili walio ndani wajue kazi iliyobaki. Wamebaki kumi na wawili. Wamebaki kumi na mmoja. Siku za likizo nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikala andazi, nikahesabu pamoja naye. Nilijua kuhesabu kurudi nyuma kabla mwalimu hajatufundisha.

Nyuma ya ule mlango sikuruhusiwa kwenda, lakini nilisikia. Nilisikia kwato zikiteleza kwenye saruji, nilisikia sauti ikikatika katikati, nilisikia maji ya mpira yakipiga sakafu. Damu ilitoka kwa mfereji mdogo uliopita karibu na ndoo yangu, ikiwa na povu. Sikuogopa. Mtoto huzoea alichozaliwa nacho karibu. Kitu kimoja tu kilinifanya nisimame. Mara moja moja Baba aligundua mbuzi jike mwenye mimba amepita na wengine. Alimshika pembe na mguu, akamnyanyua juu ya mabomba, akamwangusha upande wa pili. Alisema tu kwamba huyo si wa leo. Mbuzi alisimama kule akitetemeka, halafu akaanza kutafuna majani makavu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hakukuwa na tendo zuri kuliko hilo duniani. Kutolewa kwenye laini kulikuwa ndiko kupona.

Saiba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la chakula cha kuku. Kompyuta nane, pazia zito dirishani, joto, vumbi la unga wa dagaa kutoka dukani likiingia kwenye mashine na kuungua humo. Mwenye saiba aliitwa Mwanthi, mtu mnene asiyependa maneno. Sheria yake ilikuwa moja: kiti kikiwa kitupu, anakikalia mwingine. Ndiyo maana Kyalo hakuchoka kunibeba. Nilikuwa mwili wa kuweka kwenye kiti.

Vijana wa Mumbuni walikuwa wanacheza mchezo wa vita, ule wa kuchezwa na watu wa dunia nzima kwa wakati mmoja. Kulikuwa na falme, mapanga, mashoka na moto. Kyalo na wenzake walikuwa na ngome yao humo ndani. Waliijenga miezi mingi, jiwe kwa jiwe, wakiacha chakula cha mchana shuleni ili wapate kulipia saa mbili za Jumamosi. Kyalo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ngome. Yeye peke yake aliweza kufungua lango ili wenzao wa mbali waingie kusaidia.

Shida ilikuwa kuingia. Wenye mchezo walikuwa na seva chache, na dunia nzima ilitaka kupita mlango huo mmoja. Ukishaandika jina lako na neno la siri, kioo kilikuwa cheusi, jina lako juu, na chini yake namba ya watu walio mbele yako. Elfu moja mia nne. Elfu mbili na tisini. Unakaa, unatazama namba. Inashuka kwa watano, inasimama, inashuka kwa mmoja, inasimama robo saa. Halafu mtandao unakatika ukiwa umebakiwa na watu thelathini, na unaanza tena nyuma ya kila mtu.

Sijaona hasira kama ile tena, na nimeona watu wakipigania maji. Kijana mmoja aligonga paji la uso kwenye meza mpaka likavimba. Mwingine aliuma waya wa kipanya. Walitukana mama wa mtu asiyejulikana huko ng'ambo aliyetengeneza foleni. Walisema saa nane ndiyo mbaya, kwa sababu ndipo wazungu wanaamka, na mzungu akishaamka wewe umeisha. Kyalo alikuwa mtu wa kucheka nyumbani, mtu wa kunibeba mgongoni. Lakini mbele ya namba ile nilimwona akimpiga makofi mawili mtoto wa darasa la saba kwa sababu tu aligusa meza. Yule mtoto alitoka damu puani na hakuna aliyegeuka.

Kiti cha kando kilikuwa cha Nzioka, rafiki yake tangu chekechea. Walianza kwenda shule siku moja, wakapata tetekuwanga siku moja, wakatahiriwa siku moja. Nzioka alikuwa na bahati ya laini. Sijui kwa nini, yeye alipita haraka. Basi akawa anamchokoza Kyalo.

"Uko ngapi, rais wa laini?"

"Mia tisa."

"Mimi niko ndani tayari. Nikuletee soda hapo nje?"

Kyalo alicheka kwa meno tu.

Nzioka alipita haraka lakini hakujua kucheza. Nami nilikaa katikati yao kwenye ukingo wa kiti cha Kyalo, nikitazama vioo viwili. Kushoto, kioo cheusi, jina la kaka yangu ambalo tayari niliweza kulisoma, na namba inayoshuka. Kulia, kioo cha Nzioka. Mara tu namba yake ilipoisha, mtu wake alitokea kwenye uwanja wa majani, akapiga hatua chache, na mtu mwenye shoka akamkata. Shingo iliruka. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Nzioka alisema amekufa, wenzake wakasema na wao wamechinjwa, wakacheka, wakarudi kwenye laini.

Mtu mzima anajua nilichokuwa naona. Mimi niliona ninachokijua. Jina na namba. Namba inarudi nyuma. Mlango mwishoni, na baada ya mlango, damu. Nilihesabu kwa moyo wale waliokuwa mbele ya Kyalo na nilijua kwa hakika yangu yote kwamba namba iliposhuka kwa watano, watano wamechinjwa huko. Kitu kimoja tu sikukielewa: kwa nini kaka yangu analia namba isiposhuka. Nilifikiri pengine hajui kule inakoishia. Kila mara mtandao ulipokatika akarudishwa nyuma ya watu elfu mbili, yeye alipiga ukuta na mimi nilipumua.

Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yangu Jumamosi ile.

Ilikuwa siku ya vita vikubwa. Kundi lingine lilikuwa limetangaza kwamba saa kumi kamili litaivunja ngome ya Mumbuni. Kyalo hakula asubuhi. Aliketi saa sita, akaandika jina lake, akapewa elfu mbili na kitu. Alikaa akitikisa goti. Ilipofika saa tisa, namba ilikuwa mia mbili na kumi na mbili na kila mtu katika chumba alikuwa akimwambia safari hii ameweza. Nzioka alikuwa ndani tayari, amevaa vile vidude vya masikioni, anapiga kelele kwa watu wa mbali.

Ndipo akaja mtu kutoka kichinjioni. Fahali aliyeletwa siku hiyo alikuwa amevunja bomba na kumkanyaga mtu mguu, na Baba alitaka ile kamba nene iliyokuwa nyumbani, na aliitaka sasa hivi, na alitaka Kyalo ndiye ailete. Ukijua mkono wa Baba, hukuuliza mara ya pili. Kyalo alisimama, akatazama namba, akanishika mabega na kunikalisha kwenye kiti chake.

"Kamene, usitoke hapa. Usiguse kitu. Mtu akitaka kukalia hiki kiti, piga nduru."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha itaningoja kidogo. Nakuja mbio."

Akamgusa Nzioka begani, akamwonyesha kidole kioo chake, kama kusema amwangalizie. Nzioka aliinua kidole gumba bila kugeuka.

Namba haikuwahi kushuka namna ile. Labda wengi walichoka wakaondoka, sijui. Mia moja arobaini. Tisini na moja. Sitini. Nilianza kutoka jasho kwenye miguu. Nilitazama mlangoni, Kyalo hayupo. Kumi na tisa. Kulia kwangu Nzioka alikuwa anapiga kelele, ua, ua huyo, mkate, na kioo chake kilikuwa chekundu kabisa. Tisa. Nilitaja kwa sauti bila kujua, kama Baba. Wamebaki saba. Wamebaki wanne. Nilifikiri kumwita Mwanthi, lakini Mwanthi alikuwa upande wao, yeye ndiye mwenye mlango. Wamebaki watatu.

Wamebaki wawili.

Nilikuwa nimemwona Mwanthi akizima mashine jioni. Kulikuwa na kitufe cha duara kwenye lile sanduku chini ya meza. Niliteleza kutoka kwenye kiti, nikapiga magoti, nikakibonyeza kwa vidole gumba viwili na sikukiachilia. Kioo kilizimika. Jina la kaka yangu likaondoka. Nilirudi kitini na mwili wangu wote ukawa mwepesi. Nimezaa watoto wawili tangu wakati huo na sijui kama nimewahi kuwa na furaha safi kama ile. Nilikuwa nimemnyanyua juu ya mabomba.

Kyalo aliingia akiwa na gambuti za Baba miguuni, amelowa jasho, na matone ya damu ya ng'ombe kwenye shati. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa kumi. Aliona kioo. Aliiwasha mashine, ikachukua muda wake wote wa kizee, akaandika jina, akaandika neno la siri, akakosea, akaandika tena. Elfu tatu mia moja na sita.

Nakumbuka aliisoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli.

Saa kumi ikafika. Kwenye kioo cha Nzioka tuliona lango la ngome, limefungwa, na wenzao wa mbali wakiwa nje wasiweze kuingia, na moto. Vijana wote walikuwa wamesimama nyuma yetu. Wengine walikuwa wanalia machozi kabisa, vijana wa kidato cha pili na cha tatu. Nzioka alivua vile vidude, akageuka. Alikuwa na hasira kama wengine, na hasira yake ilitoka kwa njia ileile aliyoizoea.

"Umetuchoma wote, rais wa laini. Ulikuwa wapi?"

Kyalo alinigeukia mimi. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka.

"Nani alizima?"

Niliutazama mkono wake, ule uliomtoa mtoto wa darasa la saba damu. Nilijua nimefanya jambo jema, na nilijua kwamba hataliona. Nilikuwa na pumzi ya kusema ni mimi.

"Ni Nzioka?" aliuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alisimama, akaing'oa kibodi kutoka kwenye mashine, waya ukakatika, akaizungusha kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni. Ilikuwa kibodi ya zamani, nzito. Ilimpiga Nzioka usoni pembeni, ikavunjika katikati. Vitu vyeupe vidogo vikaruka chumba kizima na mimi nilidhani ni meno. Niliokota kimoja, kilikuwa na herufi. Nzioka alikuwa ameanguka na kiti chake. Kyalo akamfuata chini na kipande kilichobaki mkononi, akampiga tena, na tena, na kila pigo alikuwa anauliza swali lilelile, kwa nini, kwa nini. Nzioka hakujibu kwa sababu hakujua anaulizwa nini. Alikuwa amefunika uso na damu inapita kati ya vidole, na haikuwa damu peke yake, kulikuwa na maji pia, mazito.

Mwanthi alimvuta Kyalo kwa nguo akamtupa nje. Na nje, watu waliosikia kelele wakasema mwizi. Hakuna aliyeuliza ameiba nini. Jiwe la kwanza lilimpiga mgongoni, la pili sikioni. Kijana wa bodaboda alimpiga kwa helmeti. Mama mmoja aliyekuwa ananunua chakula cha kuku, mtu wa kanisa letu, nilimwona akimpiga na kiatu. Mimi nilikuwa mlangoni na ile herufi kwenye ngumi yangu na sikupiga nduru.

Baba alitokea akiwa na aproni ya kazi, damu mpaka magotini, na watu walipomwona wakampisha. Alimchukua mwanawe kwa ukosi. Niliwaza amekuja kumwokoa. Na kweli alimwokoa kutoka kwa wale watu, ili ampige mwenyewe.

Alimpiga jioni tatu mfululizo, kwa ile kamba ya fahali iliyokunjwa mara mbili. Mama alijitupa katikati jioni ya pili, akapigwa naye. Nilikuwa chini ya kitanda. Baba hakuwa mtu wa kupiga bila kuuliza. Aliuliza jambo moja, kwa sauti ya chini, kati ya mapigo.

"Nani alikuambia ni Nzioka?"

Na Kyalo alijibu, "Hakuna."

Pigo. Swali. "Hakuna. Nilidhani tu." Nilisikia hilo neno mara nyingi mno. Kila mara nilifungua mdomo chini ya kitanda, kila mara nikaufunga.

Jicho la Nzioka lilitolewa hospitalini siku ya nne. La kushoto. Familia zilikutana kwetu, wakakubaliana jambo lisifike polisi. Baba alitoa fahali kutoka kwa shamba letu la Mitaboni. Mama yake Nzioka hakumtazama fahali. Alisema ana neno moja tu: kama wake hawezi kwenda shule, na huyu asiende. Baba alikubali kabla hajamaliza kusema. Nzioka alirudi shule mwaka uliofuata. Kyalo hakurudi kamwe. Na hapo ngome, foleni, wazungu na saa kumi vilikuwa havizungumzwi tena na mtu yeyote, kana kwamba vilikuwa vitu vya kijinga, na kweli vilikuwa vitu vya kijinga.

Kabla hajapelekwa kwa nyanya Mitaboni, Kyalo alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha vikombe. Uso wake ulikuwa bado umevimba. Nilijikunja nikingoja kupigwa. Akaketi kwenye tofali.

"Nzioka alikuwa ndani ya vita wakati ule," alisema. "Hangeweza hata kuinama. Ni wewe. Ulizima kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbuzi, namba, mlango wa bati, shingo ya mtu wa Nzioka, wale wawili waliobaki mbele yake. Nilimwambia kwamba nilimtoa kwenye laini. Nilitaka aseme asante, naapa. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi. Halafu alisimama, akaenda kwenye tangi la maji, akalipiga ngumi. Alilipiga mpaka ngozi ya vidole ikatoka na bati likabaki na alama za damu. Aliporudi alikuwa anahema.

"Usimwambie Baba," alisema. "Atakuua wewe."

Nilitii. Watu wanaweza kusema nilitii kwa sababu nilikuwa mtoto na niliagizwa. Nitasema ukweli: nilifurahi kuagizwa. Nilikua, nikafika kidato cha pili, nikaacha shule, nikajifunza kushona sare, nikaolewa, na agizo lile lilikuwa pale kila nilipolihitaji. Kyalo alichunga ng'ombe, akavunja mawe, akaenda kwa kazi ya mjengo. Hakuinua mkono juu ya mtu tena maisha yake yote. Lakini jina lilimfuata. Alipotaka kuoa, wazazi wa msichana waliuliza, wakaambiwa ni yule aliyemtoa rafiki yake jicho bila sababu. Hakuoa.

Tulimzika Mitaboni Ijumaa, asubuhi. Baada ya wasifu kusomwa nilisimama nyuma ya hema kwa wanaopika, na wanawake wawili niliowajua walikuwa wanakata kabichi na kusema kwa sauti ya chini kwamba Mungu hasahau, mtu akitoa jicho la mwenzake hataishia vizuri. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanasema wanachokijua.

Nzioka alikuwa amekuja. Ana duka la kutengeneza simu mjini sasa, na huvaa miwani myeusi. Alikuwa amesimama peke yake karibu na ua wa mkonge, mbali na kaburi. Nilienda. Miguu ilikuwa inaniambia niende kwa watoto wangu. Nilimsalimia, akaniambia pole, nikamwomba anisikilize bila kunikatiza.

"Siku ile Kyalo hakudhani tu kwamba ni wewe. Mimi ndiye nilizima ile kompyuta. Akaniuliza kama ni wewe. Nikatikisa kichwa kukubali."

Watu walikuwa wameanza kutupa udongo na nilisikia ukigonga sanduku.

"Ulikuwa mdogo," alisema mwishowe.

"Wakati wa kuzima nilikuwa mdogo. Wakati wa kutikisa kichwa nilikuwa najua."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyelijua. Kila Desemba Kyalo alikuwa anakuja kwake dukani. Hakuleta kitu, hakuomba kitu. Anaketi kwenye stuli. Na kila Desemba Nzioka alimuuliza kwa nini alidhani ni yeye, na kila Desemba Kyalo alisema alidhani tu. Nzioka alimtukana, alimfukuza, na bado alirudi.

"Mwaka jana nilimpiga ngumi ya mdomo," alisema. "Nikamwambia asirudi bila jibu. Akapanguza damu na mkono wa shati, akaketi tena."

Akavua miwani.

"Angalia."

Niliangalia. Kope zilikuwa zimeshonwa na kuzama ndani, ngozi imekunjana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba, na kovu linashuka mpaka shavuni. Nilianza kugeuza uso.

"Bado," alisema. "Yeye aliliangalia kila mwaka."

Nikarudisha macho. Sijui ilichukua muda gani. Aliporudisha miwani, alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, vile mtu anavyomshika aliyemwibia, akaanza kutembea. Sikumuuliza tunaenda wapi. Watu walitupisha. Baba alikuwa mbele ya kaburi ameegemea sepetu, amekonda ndani ya koti lake, mtu ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kukaa meza moja na mwanawe. Nzioka alinisimamisha mbele yake na hakuniachilia.

Nilisema. Sauti ilitoka ndogo, maneno machache, kwamba ni mimi niliyemwonyesha Kyalo mtu asiyekuwa na kosa, na Kyalo alijua, akanyamaza kwa ajili yangu.

Siku hizi Baba hasikii vizuri. Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Waliokuwa wakitupa udongo walisimama, na wale wanawake wa kabichi walikuwa wamefika wakipangusa mikono kwa leso.

"Sikusikii," Baba alisema. "Sema kwa nguvu."

Nikasema tena, kwa nguvu, wote wakasikia.